Ulimi Wangu na Herufi R

Jumatatu, 16 Juni 1975

Sijamwambia mtu. Naanza kuliandika hapa: nakunywa pombe. Siyo kuonja. Kunywa.

Kuonja ni kazi yangu, na hiyo kila mtu anaijua. Mama anapika pombe ya mtama lakini tumbo lake lina vidonda, halipokei hata funda moja. Tangu nikiwa darasa la tatu mimi ndiye ulimi wake. Kata ya kuchotea, moja alfajiri, moja mchana, moja jioni, mpaka mtungi uive. Nikisema bado, tunangoja. Nikisema imeiva, Mama anatundika kibuyu mlangoni na wateja wanakuja. Sijawahi kukosea. Watu wanatoka Nyahanga, wanapita nyumba za wapika pombe wengine, wanakuja kwetu. Wanasema, "Twende kwenye ulimi wa Minza." Najivuna. Kwa watu siwezi kulisema, ndiyo maana nalisema hapa.

Leo nimeonja mara tatu. Mtungi mkubwa unaiva kesho mchana.

Sasa lile jingine. Tangu Machi mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Nilimaliza darasa la saba mwaka jana, sikuchaguliwa kwenda sekondari, lakini mwalimu mkuu alimwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba hakuna aliyenishinda kwa hesabu za kichwa. Nikapewa wanawake kumi na wawili na ubao, ndani ya ghala la pamba. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, baada ya shamba.

Naogopa macho ya watu. Siku ya kwanza niliufundisha ubao. Wanawake niliwapa mgongo mpaka mwisho. Siku ya pili, kabla ya kutoka nyumbani, nilikunywa kata mbili zilizojaa. Nikageuka. Nikawatazama usoni. Nikafundisha kama mtu mzima.

Tangu siku hiyo sijaingia darasani bila kata mbili. Siku hizi ni tatu. Mama anafikiri naonja.

Jumatano, 18 Juni

Leo tumeingia herufi R. Kazi kwelikweli. Kisukuma hakina R. R ya Kiswahili sisi tunaigeuza L na maisha yanaendelea. Nimeandika ubaoni KURA na KULA. Nikawaambia, moja ni ya uchaguzi, nyingine ni ya ugali.

Bibi Nkwimba, ambaye ndiye mzee wa darasa na mwenye mdomo kuliko wote, akasema, "Ndiyo maana, mwalimu! Kila uchaguzi wananiita nikapige kula, na kila mara narudi na njaa."

Ghala zima lilicheka. Mama Holo alijaribu R mpaka ikatoka kama lori la pamba linalopanda mlima. Tulimpigia makofi. Ni kijana kuliko wenzake, mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Mume wake hupita nje na kumtania kwamba anasoma ili awe karani. Yeye anaendelea kuandika.

Mratibu wa elimu ya watu wazima atakuja Agosti kuwapa mtihani. Wote kumi na wawili watafaulu. Najua.

Ijumaa, 20 Juni

Nimesahau ndoo kisimani. Nimerudi nyumbani mikono mitupu na Kabula, mdogo wangu, akaniuliza maji yako wapi. Nikamwambia ndoo ameibeba mwingine. Uongo. Sikukumbuka kabisa kwamba nilikwenda na ndoo.

Darasa: nimeanza herufi R. Nilidhani watacheka nikiwapa kura na kula. Hawakucheka. Hata Bibi Nkwimba alikaa tu. Mama Holo aliinamisha kichwa muda wote. Labda ni uchovu, watu wanavuna pamba. Lakini nilieleza vizuri. Najua nilieleza vizuri.

Jumanne, 24 Juni

Jana sikuandika. Sikumbuki kwa nini. Darasa lilikuwepo, nadhani lilikwenda sawa.

Kabula alinijia na zoezi lake la shule. Saba mara nane. Zamani mwalimu alikuwa hajafunga mdomo na mimi nimeshajibu. Leo niliziona tarakimu zinakuja, zinapita, kama ng'ombe wasio na mchungaji. Kabula alijibu mwenyewe akaondoka. Ana miaka kumi.

Nimekasirika. Sijui namkasirikia nani.

Jumatano, 25 Juni

Mama Holo hakuja.

Alhamisi, 26 Juni

Lazima niandike yote, neno kwa neno, kabla hayajanitoka.

Bibi Nkwimba amekuja mchana na kibuyu chake. Nikadhani anataka pombe, nikakipokea. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi juu ya kinu kilicholazwa.

"Mwalimu," akasema, "nimekuja kumwombea mtu. Mama Holo. Msamehe, mayu, mama yangu. Ulimi wake ndivyo ulivyoumbwa."

Nikamwuliza amekosa nini.

"Si hiyo R yako. Umetufundisha Jumatano. Ijumaa ukaianza upya. Jumatatu ukaianza upya tena, kura na kula, kura na kula. Sisi wazee aibu zetu zimeshakwisha. Lakini yule amelia. Anasema mwalimu ni mpole, hasemi, ila anarudia kwa sababu yake. Anasema yeye ndiye anayelichelewesha darasa. Basi ameacha."

Nilisimama na kibuyu chake mkononi.

Akaendelea. "Hata sisi tumejitahidi. Mimi nafanya mazoezi na mbuzi wangu. Namwambia, rrr, rrr. Amekonda."

Alitaka nicheke. Sikuweza. Nakumbuka Jumatano: lori la pamba, makofi. Ijumaa naiona kama kitu nilichokitazama kupitia moshi. Jumatatu hakuna. Hakuna kitu hata kidogo. Nimepapasa kichwani kote.

Wanawake hawa wamekaa siku tatu wakisikiliza somo moja, na hakuna aliyeinua mkono kusema, "Mwalimu, hili tumeshalipata." Waliona makosa ni ya ndimi zao. Wasukuma na R. Nani angefikiri kitu kingine?

Nilimwambia Bibi Nkwimba, "Mwambie arudi." Sauti yangu ilikuwa ndogo. Hakunielewa, au alinielewa vibaya. Amekwenda zake.

Kurasa za nyuma za daftari hili sitazifungua leo. Naogopa.

Ijumaa, 27 Juni

Nimemwambia Mama kwamba nasahau. Sikumwambia mengine.

Mama alifikiri kidogo tu. Umefungwa kichwa, akasema. Kuna mtu ameuonea wivu ulimi wako. Akawataja wapika pombe wenzake mmoja mmoja. Jioni shangazi akaja na dawa ya kufungua kichwa, unga wa mizizi umefungwa kwenye kitambaa. Masharti: inywewe kwa pombe, isinywewe kwa maji. Kata nzima, asubuhi na jioni, siku tatu.

Nimeanza leo. Pombe ya dawa, juu ya pombe ya kuonja, juu ya pombe ya darasa.

Wanawake waliokuja leo ni wanane.

Jumatatu, 30 Juni

Jumapili haipo.

Jumamosi jioni naikumbuka, nilikunywa dawa. Baada yake ni leo asubuhi, nimelala na gauni la kanisani mwilini. Kati yake ni kama ukurasa umechanwa.

Nimemkamata Kabula nyuma ya nyumba. Nimemwuliza kwa upole nilifanya nini jana. Alinitazama kama anayetaniwa.

Anasema tulikwenda kanisani. Anasema niliimba. Anasema tukitoka tulikutana na Mama Holo njiani, na mimi sikumwamkia. Mama Holo akasimama. Akatusalimu yeye kwanza, mkubwa kumsalimu mdogo, "Hujambo, mwalimu." Nikampita kama napita mti.

"Kwa nini umemfanyia vile?" Kabula aliniuliza.

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Kushindwa saba mara nane ni kitu kimoja. Hiki ni kingine. Yule mama sasa ana hakika kwamba namdharau.

Sikwenda darasani. Nimetuma neno kwamba naumwa. Wala sijasema uongo.

Jumatano, 2 Julai

Nimekwenda zahanati ya misheni kwa miguu. Kabula nimemwambia amwambie Mama nimefuata chaki.

Sista wa pale ni mtu wa Ushirombo, mfupi, anaongea haraka. Sikumtazama. Nikasema nasahau. Akaniuliza kama nimeugua malaria ya kichwa, kama nimeanguka, kama nina mimba. Nikasema hapana, hapana, hapana. Akaniuliza kama nakunywa.

"Naonja," nikasema.

"Unaonja kiasi gani?"

Nikaanza kuzihesabu kata, nikapotea. Akaniambia ninyooshe mkono. Vidole vilitikisika. Sote wawili tulivitazama.

"Kwenu mnafinyanga vyungu?" akaniuliza.

"Bibi yangu alifinyanga."

"Chungu ambacho hakijachomwa, ukikitia maji kinakuwaje?"

Nikasema kinarudi kuwa udongo.

"Ndiyo kichwa cha binti wa miaka kumi na sita. Bado kinafinyangwa. Mtu mzima akilewa anaharibu chungu kilichochomwa, na bado anakiharibu, usidhani. Wewe unaharibu kinachotengenezwa. Ndiyo maana unasahau hata siku ambazo hukulewa. Ndiyo maana hesabu hazitulii."

Nimemwuliza kama itarudi. Hilo ndilo swali pekee nililouliza kwa sauti.

Akasema sehemu kubwa itarudi nikiacha sasa, kwa sababu bado ni kijana. Kinachoumia haraka kinapona haraka pia. Akasema hawezi kuniahidi yote. Nimempenda kwa kutoniahidi yote.

Njia nzima ya kurudi nilihesabu kwa saba. Saba, kumi na nne, ishirini na moja. Nilikwama hamsini na sita. Nikarudi mwanzo. Mara ya nne nilipita.

Alhamisi, 3 Julai

Mama aliniita kwenye mtungi mpya asubuhi. Nikasema siwezi tena.

"Nani kakwambia?"

"Sista."

"Sista ndiye atakayenunua chumvi? Baba yako yuko machimboni Geita anatafuta dhahabu asiyoiona. Tunakula ulimi wako, Minza." Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Kisha akageuka upande wa jikoni. "Kabula! Njoo na kata."

Kabula alikuja anakimbia. Alifurahi. Alikuwa anaingojea kazi hii kama mimi nilivyoingojea. Alichota, akainua kata kwa mikono miwili, ikafika kidevuni.

Niliichukua mkononi mwake nikaimwaga chini.

Sijawahi kumpinga Mama maishani. Sauti ilitoka sijui wapi. Nilisema kila kitu, hapohapo, mbele ya Kabula: kata mbili za darasa, kata tatu, herufi R, Jumapili ambayo haipo, Mama Holo njiani, chungu kibichi. Nikasema, "Mimi nilianza na umri kama wake."

Mama aliitazama ile pombe ikinywewa na vumbi. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyekupa." Akaingia ndani. Hakupika mchana. Tulikula viazi baridi.

Sijivunii kumwumiza. Kumwaga ile kata najivunia.

Jumamosi, 5 Julai

Siku ya tatu bila kunywa. Mikono inatetemeka asubuhi. Jasho. Harufu ya mtungi inaniita kwa jina.

Leo mchana ilikuwa mbaya. Nilikaa pembeni ya mtungi kama mtu anayekaa na mgonjwa. Nikainama. Nilikuwa nataka kuchota, sitajidanganya. Lakini niliinama upande na sikio likafika kwanza.

Pombe inaongea. Miaka yote hii nimeitia mdomoni, sikuwahi kuisikiliza. Mtungi uliopikwa juzi unachemka kwa kelele, kama mvua juu ya nyasi za paa. Mtungi wa kabla yake, ule mdogo, umepungua kelele, ni kama punje za mtama zinazodondoka moja moja kwenye ungo. Nilitoka mmoja nikaenda mwingine. Ulimi wangu unajua mtungi wa siku gani una ladha gani. Sasa nilikuwa naunganisha ladha na sauti. Kichwa changu kilifanya kazi! Polepole, lakini kilifanya.

Nikamwita Mama. Nikasema huu mdogo utaiva kesho alfajiri, sijauonja. Mama hakuamini. Bibi Nkwimba alikuwa anapita, Mama akampa kata aonje. Bibi alifumba macho, akalamba midomo, akachukua muda mrefu kuliko alivyohitaji.

"Kesho," akasema. "Kesho asubuhi mapema. Lakini mnaweza kunipa nyingine nihakikishe."

Mama akanitazama. Baadaye nilimwona mwenyewe ameinama, sikio kwenye mtungi, khanga imemdondoka begani.

Jumatatu, 7 Julai

Leo ndiyo siku ngumu kuliko zote, na nimeimaliza.

Kwanza nilikwenda kwa Mama Holo. Alikuwa anaanika pamba. Nilianza kumwamkia tangu mbali, ili asije akaniwahi tena. "Shikamoo, Mama Holo." Akaitikia bila kuniangalia. Nikamwambia, njoo darasani leo, siku moja tu, usikie neno, kisha ukitaka acha. Akaendelea kugeuza pamba. Mume wake alikuwa mlangoni, akasema, "Nenda, karani, mwalimu amekufuata mwenyewe." Nadhani hakusema kwa ubaya.

Sikunywa kitu. Sikuwa na kata mbili mwilini za kunishika mgongo. Ghala lilikuwa limejaa, wote kumi na wawili, Mama Holo karibu na mlango, tayari kutoka.

Nilianza kuuambia ubao. Nilisikia sauti yangu inarudi kutoka kwenye mbao. Nikajua sitaweza kuendelea hivi, maneno haya hayasemwi kwa kuwapa watu mgongo. Nikageuka.

Nikasema: R mmeijua tangu siku ya kwanza. Sikuirudia kwa sababu ya ndimi zenu. Niliirudia kwa sababu nilisahau kwamba nimeifundisha. Nimesahau kwa sababu nakunywa pombe ili nisiwaogope. Nimeacha tangu Alhamisi. Mama Holo, Jumapili ile njiani sikukudharau. Sikukuona. Nisamehe.

Nzi alikuwa anazunguka kwenye chaki.

Bibi Nkwimba ndiye aliyefungua mdomo. "Yaani mbuzi wangu ameteseka bure?"

Walicheka mpaka mmoja akalia. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza mbele yao nikiwa na akili zangu. Kisha Bibi hakucheka tena. Akasema kwao vijana wa dukani wanakunywa tangu hawajaota ndevu, na watu wanasema wamerogwa, wana bahati mbaya, hawana vichwa. Akasema, "Kumbe vichwa walikuwa navyo."

Mama Holo aliinuka pale mlangoni. Alikuja mbele, akachukua chaki mkononi mwangu bila kuniomba, akaandika ubaoni: BARABARA. Herufi zote zimekaa sawa. Kisha akasoma kwa sauti, "Balabala."

"Sawasawa," nikasema.

"Lakini nimesema vibaya."

"Umeandika vizuri. Mkono umeshajua. Ulimi utafuata ukipenda."

Amerudi. Kabla ya kuachana, yeye ndiye aliyetoa shauri. Kuanzia sasa kila darasa litaanza kwao: mmoja atasimama na kunieleza tulikoishia. Kama nimesahau, watanikumbusha. Kama wao wamesahau, nitajua. Nimeshangaa kwa nini sikulifikiria mwenyewe. Kichwa changu hakikuwepo, ndiyo jibu.

Jumanne, 15 Julai

Mikono imetulia. Usingizi bado.

Jana Mama Holo ndiye aliyesimama kueleza tulikoishia. Mimi nilikuwa nimeshayakumbuka yote kabla hajafungua mdomo. Sikumwambia. Nilimwacha aeleze mpaka mwisho, alikuwa anaeleza vizuri.

Kuna yasiyokuja. Nimejaribu kutaja niliokaa nao dawati moja darasa la sita. Mmoja jina lake limegoma. Namwona uso, namwona kovu la shavuni, jina hakuna. Nimekaa naye mwaka mzima. Hii inaniuma.

Jumamosi, 16 Agosti

Mtihani umefanyika.

Mratibu alikuja na baiskeli, mtu wa pwani, shati jeupe limegeuka jekundu kwa vumbi letu. Nilimsalimu nikimtazama usoni. Bila kitu tumboni ila uji. Nimeshafanya hivi wiki tano sasa na bado kila mara moyo unadunda, ila unadunda na mimi naendelea.

Niliambiwa nikae nje. Nilikaa chini ya dirisha la ghala, na kusikia niliwasikia. Walisoma mmoja mmoja. Kilipofika kipande chenye barabara, Mama Holo akasoma "balabala" kwa sauti safi isiyo na woga. Mratibu akacheka kidogo. Akamwambia, "Mama, hiyo ni balabala au barabara?"

Bibi Nkwimba akamjibu yeye, "Mwanangu, iandike uone."

Naye kweli akampa karatasi. Nilihesabu kwa saba mpaka nikapita tisini na moja bila kukwama.

Kisha nikamsikia mratibu anasema, "Barabara. Safi kabisa." Alivyoikunja ile R, mtu wa pwani, wanawake waliiga wote kwa pamoja, rrr, na ghala likanguruma.

Wamefaulu wote kumi na wawili. Mratibu akaniuliza nina umri gani. Nikamwambia. Akaniuliza kuhusu ile njia ambayo wanawake walikuwa wamemweleza, ya kuanza wao, wakieleza tulikoishia. Amesema hajaiona kwingine, nani amenifundisha. Nilitaka kusema, ilianza nilipopoteza akili yangu. Nikasema, "Ni wao." Na ni kweli.

Ameandika jina langu. Amesema mwakani kutakuwa na mafunzo ya walimu wa kisomo, atanitaja. Labda atasahau. Watu wanasahau. Hata akisahau, leo najivuna mpaka mbavu zinauma. Siyo kujivuna kwa ulimi. Ulimi nilizaliwa nao. Hiki nimekitafuta.

Jumapili, 24 Agosti

Kanisani, kisha nyumbani. Padri amesoma somo na bado ninalo, mstari kwa mstari. Ile Jumapili ya Juni haijarudi, na nimeacha kuitafuta. Jina la yule wa dawati limekuja lenyewe nikichambua mchicha: Ng'washi. Nimelisema kwa sauti. Kabula akaniuliza naongea na nani.

Mchana wamekuja wateja wageni, wachimbaji kutoka upande wa Geita. Wamekaa kwenye gogo nje, miguu imenyooshwa. Mmoja alikunywa, akafuta mdomo, akawaambia wenzake:

"Si niliwaambia? Hii imeonjwa na yule binti. Ana ulimi wa dhahabu yule. Sisi tunachimba, kumbe dhahabu iko hapa."

Mama alikuwa anapita na kata nyingine. "Ndiyo," akasema. "Ulimi wa Minza." Uso mkavu kabisa. Kisha akanitazama kupitia mlango, na nikaona tumbo lake linatikisika kwa kicheko anachokizuia.

Sijatia tone mdomoni tangu tarehe tatu Julai. Mtungi ule tuliusikiliza jana, mimi upande mmoja na Kabula upande wa pili, masikio yetu yameloa. Kabula alisema kesho. Nikasema kesho. Ikawa.

Wanaojua kwamba sionji tena ni Mama, Kabula na wanawake kumi na wawili. Bibi Nkwimba mwenyewe, na mdomo wake ule, amekunywa leo pamoja na wale wageni na kusifu ulimi wangu kuliko wote.

Basi na wewe, kama siku moja macho yako yatapita hapa, usimwambie mtu. Mama anauza.